Longonot au Hell's Gate: ukiwa na siku moja Naivasha, utembee wapi?

Kila Jumamosi asubuhi magari huteremka kutoka Nairobi kuelekea Naivasha yakiwa yamejaa watu wa viatu vya raba na chupa za maji, na ndani ya mengi yao mjadala bado haujaisha: ni Longonot au ni Hell's Gate? Mbuga hizi mbili ni majirani. Ukiwa kwenye kilele cha Longonot unatazama upande wa Hell's Gate na kuona mvuke wa mitambo ya jotoardhi ya Olkaria ukipanda. Ukiwa Hell's Gate, Longonot umekukalia upande wa mashariki. Zote zilizaliwa na moto wa chini ya Bonde la Ufa, zote ziko chini ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, na zote zinakuruhusu jambo ambalo mbuga nyingi za Kenya haziruhusu: kushuka garini na kwenda kwa miguu yako mwenyewe. Longonot ilitangazwa kuwa mbuga ya taifa mwaka 1983, na Hell's Gate ikafuata mwaka 1984.

Kwa sababu hiyo wengi hudhani huku na kule ni mamoja, wakachagua kwa kutazama picha za marafiki. Msimamo wangu nautoa mapema. Moyo wangu uko Longonot. Hata hivyo, kundi la watu mchanganyiko likiniuliza, ninalielekeza Hell's Gate karibu kila mara. Na kuna siku ambazo jibu hilo hugeuka kwa sababu moja tu, mvua, nayo nitaieleza kwa kirefu kwa kuwa imewahi kuua.

Unakwenda kuona nini hasa

Longonot ni mlima wa volkano wa kweli, mrefu mita 2,776, na uzuri wake ni kwamba unajieleza. Huhitaji mtaalamu wa kukwambia kilichotokea. Unapanda mteremko wa majivu na mawe mepesi yaliyotapikwa na mlima wenyewe, unafika ukingoni, na ghafla ardhi iliyo mbele yako haipo. Chini yako kuna shimo, yaani kreta, lenye upana wa karibu kilomita mbili, kuta zake zimesimama wima, na sakafu yake yote ni msitu. Hapa na pale kwenye kuta hizo mvuke mwembamba bado hutoka. Inakisiwa kuwa mlima ulilipuka mara ya mwisho katika miaka ya 1860, yaani enzi za mababu wa watu ambao wazee wetu waliwajua kwa sura. Jina lenyewe linatoka kwa Wamaasai, wanaouita Oloonong'ot, na ukiutazama ubavuni ulivyochanwa kwa mifereji na matuta, unaelewa kwa nini wanausifu kwa matuta yake.

Ukiuzunguka ukingo, kila kona ina mandhari yake: Ziwa Naivasha upande wa kaskazini-magharibi, Mlima Suswa kusini, Kinangop na safu ya Nyandarua mashariki, Mau magharibi. Sijui mahali pengine karibu na Nairobi ambapo mtu anaweza kulielewa Bonde la Ufa kwa kulitazama tu namna hiyo.

Hell's Gate haina tukio moja kubwa la namna hiyo. Ina vitu vingi vilivyotawanyika. Unaingia kwa lango la Elsa na punde tu unakutana na Fischer's Tower, nguzo ya mwamba yenye urefu wa mita 25 hivi, iliyobaki imesimama baada ya sehemu laini zilizoizunguka kuliwa na mmomonyoko. Imepewa jina la Gustav Fischer, Mjerumani aliyepita hapa mwaka 1883. Wamaasai walikuwa na habari zao kabla yake: wanasimulia kwamba nguzo iliyoko bondeni humu ni binti aliyekuwa akipelekwa kuolewa. Alikatazwa kugeuka nyuma kutazama nyumbani kwao. Akageuka, akawa jiwe. Wasimulie watoto kisa hicho mkiwa chini ya mwamba, watautazama tofauti.

Kuanzia hapo njia inakatiza kati ya magenge mekundu yaliyopasuka kwa nyufa za wima, ambako tai hujenga viota. Mbele kidogo kuna Central Tower, na mwisho wa yote, Korongo la Ol Njorowa. Zamani sana, Ziwa Naivasha lilipokuwa kubwa kuliko tunavyolijua, maji yake yalitokea upande huu wa kusini na kuchonga korongo hilo kwenye mawe ya volkano. Ukiingia ndani, kuta zinakaribiana hadi mahali pengine unagusa zote mbili kwa mikono. Maji ya moto hutiririka ukutani, na waelekezi watakuonyesha mahali ambapo yai huiva. Ukiinamisha macho njiani utaona vipande vyeusi vinavyong'aa kama chupa iliyovunjika. Hiyo ni obsidiani, kioo cha volkano, lava iliyopoa haraka mno. Iache hapo ilipo. Kuchukua mawe mbugani ni kosa, na kingo zake zinakata.

Kwa hiyo Longonot inakupa jambo moja, nalo ni kubwa, na unalilipia kwa jasho kabla hujaliona. Hell's Gate inakupa kidogo kidogo tangu dakika ya kwanza. Tofauti hiyo peke yake huwaamulia watu wengi.

Mwendo: hapa ndipo watu hukosea hesabu

Longonot: kutoka langoni hadi ukingoni ni kilomita 3.1 za kupanda. Kuuzunguka ukingo wote ni kilomita 7.2. Kisha unateremka zile 3.1 tena. Jumla ni zaidi ya kilomita 13, na kwa mtu wa kawaida ni saa nne hadi sita pamoja na kupumzika. Unaanza kwenye mwinuko unaozidi mita 2,000, hivyo mgeni aliyetoka Mombasa, Lamu au Dar es Salaam jana yake atahema mapema kuliko mwenyeji wa Nairobi au Nyahururu. Hilo lisimtie aibu mtu. Apewe muda apumue.

Sehemu ya kwanza ni tambarare na inadanganya. Kisha mlima unasimama, na kipande cha mwisho kabla ya ukingo ndicho kinachowatoa watu machozi. Ukifika hapo juu, fanya uamuzi wa kweli: kuzunguka au kutozunguka. Njia ya ukingoni hupanda na kushuka, mahali pengine ni nyembamba yenye shimo upande mmoja na mteremko upande wa pili, na karibu na kilele utatumia mikono kupanda mawe. Ukishafika nusu ya mzunguko hakuna njia ya mkato, kwani kurudi ni sawa na kuendelea. Ndiyo maana ninawashauri wanaosita waishie ukingoni, wakae, wale, watazame kreta kwa saa nzima kisha wateremke. Wameiona Longonot. Asije mtu akawaambia hawajaiona.

Kivuli karibu hakuna njia nzima. Hakuna maji wala kioski juu. Chukua lita tatu kwa kila mtu, na usikubali mtu aseme "tutagawana". Wakati wa kiangazi vumbi la mteremkoni linafika kwenye vifundo vya miguu, na kuteremka huwa ni kuteleza. Magoti yaliyowahi kuumia yatalalamika zaidi wakati wa kushuka kuliko wakati wa kupanda. Fimbo ya kutembelea inasaidia sana.

Hell's Gate inahesabiwa kuwa ndiyo rahisi, na kwa baiskeli ni kweli. Kwa miguu, tafakari tena. Kutoka lango la Elsa hadi kituo cha askari kilicho karibu na korongo ni kilomita saba hadi nane. Ongeza saa moja hadi mbili za kutembea korongoni, kisha kilomita zilezile za kurudi, jua likiwa la utosi. Aliyekuja bila gari wala baiskeli akisema "tutatembea tu, ni tambarare" anaweza kumaliza siku akiwa amekwenda kilomita nyingi kuliko aliyezunguka Longonot. Ni tambarare, ndiyo, lakini ni ndefu.

Suluhisho ni baiskeli. Zinakodishwa kwenye makutano ya barabara na pia karibu na lango. Usichukue ya kwanza unayopewa. Kamua breki zote mbili, jaribu gia, ipande ukazunguke nayo hatua chache, utazame kiti kinapanda kufikia kimo chako. Mwenye baiskeli hatakasirika, amezoea. Watu wa kundi lako wanaotaka kutembea kweli watembee kipande cha kwanza, kutoka langoni hadi Fischer's Tower na kando ya magenge, kisha wengine waendelee kwa magurudumu. Uhuru huo Longonot haina. Kule mlima ni mmoja na njia ni moja, kwa wepesi na wazito.

Mvua, na korongo

Mwezi wa Aprili mwaka 2012, vijana saba wa kanisa moja walikufa ndani ya korongo la Hell's Gate baada ya kukumbwa na mafuriko ya ghafla. Septemba mwaka 2019 watu wengine saba walisombwa na maji mahali hapohapo, akiwemo mwelekezi mwenyeji aliyekuwa akiwaongoza. Baada ya msiba huo korongo lilifungwa kwa muda.

Ninayataja haya kwa sababu bado nawasikia watu wakisema, "Mbona hakuna wingu?" Wingu si lazima liwe juu ya kichwa chako. Korongo hupokea maji kutoka kwenye vilima vya mbali. Mvua ikinyesha huko juu, maji hukusanyika kwenye mifereji mingi, huingia kwenye mpasuko mmoja mwembamba, na kwa kuwa kuta ni wima na upana ni mdogo, kimo chake hupanda kwa dakika chache. Mtu aliye ndani anaweza kuwa amesimama kwenye mchanga mkavu huku maji tayari yako njiani.

Hivyo basi, miezi ya Machi hadi Mei, na tena Oktoba hadi Desemba, uliza kwanza langoni: korongo liko wazi? Huko juu kumenyesha jana au leo? Askari akisema hapana, usibishane naye wala usimtafute kijana wa kukupitisha kwa njia ya pembeni. Akisema ndiyo, ingia asubuhi, kwa kuwa mvua za Bonde la Ufa hupenda mchana na jioni. Ingia na mwelekezi, na kabla ya kushuka mwambie akuonyeshe njia za kupandia juu kwa dharura ziko wapi. Ukiwa ndani ukiona maji yamebadilika rangi kuwa ya matope au ukisikia mngurumo usioujua, panda juu hapohapo kwanza. Maswali utauliza baadaye.

Hell's Gate bila korongo bado inafaa? Kwa maoni yangu inafaa, hasa kwa baiskeli, ingawa umepoteza nusu ya utamu wake. Siku ya namna hiyo, anga likiwa na dalili ya mvua lakini asubuhi ni kavu, kundi lenye nguvu litafaidika zaidi na Longonot: wapande alfajiri, wawe wameteremka kabla ya saa saba mchana. Longonot nayo ina tabu zake za mvua. Udongo hugeuka utelezi, mifereji ya njiani hujaa, na ukingoni ngurumo za radi si jambo la kusubiri kuona litaishaje. Ikiwa mvua imeshika tangu asubuhi, nendeni mkale samaki ziwani, mlima utawangoja.

Mmekuja na nani

Swali hili ndilo ningeliweka mbele ya picha zote. Chagua kwa kumtazama aliye dhaifu kuliko wote katika kundi, maana siku yenu itakwenda kwa mwendo wake.

Ukiwa na watoto wa chini ya miaka kumi, nenda Hell's Gate. Kuna pimbi wanaoota jua chini ya Fischer's Tower, kuna twiga na pundamilia wa kuwatazama bila kioo cha gari kati yenu, na mtoto akichoka unampakia. Longonot nimewaona watoto wakipanda kwa furaha kuwashinda wazazi wao, lakini ukingo wa kreta hauna ua wala kamba, na mtoto mwenye mbio pale juu atakunyima raha yote.

Ukiwa na mama au baba mzee, Hell's Gate kwa gari. Ataona magenge, atashuka mnapotaka kupiga picha, atakaa kivulini mkienda korongoni. Ndani ya mbuga pia kuna bwawa la maji ya moto la Olkaria, linaloendeshwa na KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme, lenye ada yake tofauti. Liko mbali na lango la Elsa kwa mwendo wa miguu, ila ukiwa na gari, mtu mwenye miguu inayouma atakushukuru. Umeme wa jotoardhi ulianza kuzalishwa Olkaria mwaka 1981, na mabomba yanayokatiza vilimani huwaudhi wapenda mandhari safi. Mimi sioni ubaya wa kumwonyesha mwanafunzi mahali ambapo moto uleule uliochonga miamba hii unawasha taa za nyumbani kwao. Mwalimu anayepanga safari ya shule asipite bila kuona hilo.

Ukiwa na marafiki wanaofanya mazoezi, au unajiandaa kwa Mlima Kenya au Kilimanjaro, usipoteze muda kufikiri. Longonot, mzunguko mzima. Ni kipimo kizuri cha viatu vyako, mapafu yako na subira yako kabla hujalipia safari ya siku nyingi.

Kikundi cha kazini chenye watu thelathini? Hell's Gate. Longonot, kundi kubwa hukatika vipande vipande, wa kwanza wanawangoja wa mwisho ukingoni kwa saa nzima, na wa mwisho wanafika wamenuna.

Na ukiwa peke yako? Longonot ina utulivu ambao Hell's Gate ya Jumamosi haina, ingawa ningekushauri ujiunge na wapandaji wengine langoni kwa ajili ya mzunguko. Kuna nyati kwenye miteremko ya chini na msituni, na kifundo cha mguu kikiteguka upande wa mbali wa ukingo, ni vizuri kuwe na mtu wa kukushika mkono.

Kufika na kulipa

Kwa asiye na gari, Longonot ni karibu na rahisi zaidi. Panda matatu za Naivasha zinazopita njia ya chini ya Mai Mahiu, si zile za barabara ya juu ya Limuru na Kinungi. Uliza kabla hujakaa, kwa kuwa hapa wageni wengi hupotea. Mtateremka ukuta wa Bonde la Ufa na kupita kanisa dogo lililojengwa mwaka 1942 na wafungwa wa vita wa Kiitaliano waliokuwa wakitengeneza barabara hiyo. Shuka kituo cha Longonot, uchukue boda boda kwa kilomita chache hadi langoni. Patana nauli ya kwenda na kurudi na uchukue namba ya dereva, maana jioni pikipiki hupungua.

Hell's Gate inahitaji hatua moja zaidi: matatu hadi mji wa Naivasha, kisha nyingine inayofuata barabara ya Moi South Lake, ushuke kwenye makutano ya Hell's Gate. Kutoka hapo hadi lango la Elsa ni takriban kilomita mbili. Wengi hukodi baiskeli makutanoni na kuanza kuendesha papo hapo.

Kiingilio cha mbuga zote mbili hulipwa kwa mtandao kupitia eCitizen. Lipa ukiwa bado nyumbani penye intaneti nzuri, na ubebe kitambulisho, kwa sababu raia, mkazi na mgeni wana viwango tofauti. Kwa gharama ya siku nzima Longonot hutoka nafuu: kiingilio, nauli, maji, basi. Hell's Gate ina baiskeli, mwelekezi wa korongo, gari kama mnalo, na bwawa mkilitaka. Mwelekezi usimwonee uchungu. Ni kijana wa hapo anayejua korongo likikasirika lina sauti gani.

Kwa chakula Hell's Gate inashinda mbali. Baada ya kutoka, samaki wa Kamere kando ya ziwa, wa kukaangwa mbele yako, na ugali. Longonot utapata mahindi ya kuchoma barabarani na nyama choma Mai Mahiu. Ndani ya Hell's Gate, kwenye sehemu ya kupumzikia karibu na korongo, ficha chakula chako: nyani wa pale hawaombi.

Zote mbili siku moja?

Hapana. Watu hupanga hivyo wakiwa ofisini siku ya Alhamisi. Ukitoka Longonot saa nane mchana ukiwa na vumbi hadi kwenye nyusi, utafika Hell's Gate wakati wa kuingia korongoni umekwishapita, na miguu hainyanyuki. Ukiwa na siku mbili, ndiyo: Longonot kwanza, lala Naivasha, kesho yake baiskeli Hell's Gate miguu ikilainika. Usigeuze mpangilio huo. Na aliyekwisha kuzijua zote mbili atazame kusini, Suswa, ambako kuna kreta mbili na mapango ya lava kwenye ardhi ya Wamaasai. Huko ni lazima uwe na mwenyeji na gari la kuhimili barabara mbovu.

Mbuga zote mbili hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni. Kwa Longonot, ondoka Nairobi kabla ya saa kumi na mbili alfajiri ili saa mbili uwe umeanza kupanda. Kwa Hell's Gate unaweza kuchelewa kwa saa moja, ila jioni barabara ya kurudi Nairobi hujaa malori na magari ya mwisho wa wiki, juu na chini. Ukitaka kufika nyumbani mapema, toka Naivasha saa tisa.